Alexander Mackay

Alexander Murdoch Mackay (Rhynie, Uskoti, 13 Oktoba 1849 – Usambiro, leo nchini Tanzania, Februari 1890) alikuwa mhandisi na mmisionari wa Church Missionary Society (CMS). Hakupewa daraja la uchungaji. Alihubiri na kufundisha dini huku akifanya kazi ya ufundi.

Maisha ya awali
Baba yake alikuwa mchungaji. Mackay alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, kisha akafanya kazi kiwandani Berlin. Mwaka 1876 alitumwa na CMS Afrika Mashariki.

Safari ya kwenda ziwani
Mwaka 1877 alisimamia utengenezaji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban kilomita 370. Mwaka 1878 alifika Kageye, kwenye Ghuba ya Speke karibu na Mwanza ya leo. Alikuta mashua ya misheni, Daisy, imeharibika. Alikata sehemu ya katikati na kutumia mbao zake kuziba ncha zote mbili. Novemba mwaka huo aliwasili Buganda.

Kazi Buganda
Kabaka Mutesa I alihitaji fundi kuliko mhubiri. Mackay alifua chuma, alijenga, na mwaka 1882 alitengeneza jeneza la mama wa Kabaka. Kazi hizo zilimchukulia muda wa kufundisha, lakini ndizo zilizomfungulia mlango wa ikulu. Vijana waliokuja karakanani walijifunza pia kusoma. Alichonga herufi za mbao akachapa masomo ya Biblia kwa Kiganda. Kwa kuwa hakuwa mchungaji, Waganda watano wa kwanza wa misheni hiyo walibatizwa na Philip O'Flaherty, Machi 1882.

Chini ya Mwanga II Wakristo wengi waliuawa, wakiwemo wanafunzi wake watatu Januari 1885. Wenzake walipoondoka, Mackay alibaki peke yake kwa karibu mwaka mzima. Ufundi wake ulikuwa miongoni mwa sababu za Kabaka kumvumilia, lakini haukutosha kuwaokoa wanafunzi wake. Julai 1887 alilazimika kuondoka.

Usambiro na kifo
Alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, akaendelea kutafsiri, kuchapa na kuunda mashua. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley alipita hapo, lakini Mackay hakukubali kurudi naye Ulaya. Alifariki kwa malaria akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.