Ada Lovelace: aliandika programu wakati kompyuta haijazaliwa



Kuna swali nakutana nalo karibu kila nikikaa kafe huku Ngamiani: hivi mtu anaweza kujifunza kuandika programu bila kuwa na kompyuta yake? Wengi wetu tuliomaliza fomu foo tunalipia mashine kwa saa, muda ukiisha skrini inajifunga, na hela ya kuongeza hakuna. Basi leo nawaletea maisha ya dada mmoja wa Uingereza ambaye hakuigusa kompyuta hata siku moja, maana haikuwepo, na bado wengi wanamtaja kuwa mwandishi wa programu wa kwanza duniani.

Anaitwa Augusta Ada Byron, amezaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake ni Lord Byron, mshairi aliyevuma sana. Ndoa ikavunjika mtoto akiwa na mwezi mmoja tu, baba akahama Uingereza mwaka 1816 na hakurudi tena, akafia Ugiriki mwaka 1824. Mama aliogopa binti asije akarithi vurugu za baba, akamwekea walimu wa hesabu tangu mdogo ili ushairi usimkolee. (Huku kwetu alikozaliwa Shaaban Robert mama huyo angepata tabu kweli!)

Mwaka 1829 Ada aliugua surua, ikamlaza kitandani muda mrefu, akaja kutembelea magongo. Masomo hayakusimama. Tarehe 5 Juni 1833, akiwa na miaka 17, akakutana na Charles Babbage, bingwa wa hesabu aliyekuwa anaunda mashine ya kukokotoa kwa magurudumu yenye meno. Wageni wengine walikuja kuishangaa tu. Ada yeye alitaka kujua ndani mnaendaje.

Sasa hapa ndipo panaponigusa. Mwaka 1835 aliolewa na William King, ambaye baadaye alipata cheo cha Lovelace, na kufikia mwaka 1839 walishapata watoto watatu. Mwaka 1840, mama wa watoto watatu, ndio anaanza hesabu za juu kwa njia ya barua na Profesa Augustus De Morgan. Barua hizo zimehifadhiwa mpaka leo, na ukizisoma unaona mwanafunzi anayekwama kama sisi: fomula inamgomea, anauliza, anajibiwa, anarudi tena na swali. Hakuna cha kipaji cha kushushiwa, ni kukomaa tu.

Wakati huo Babbage ameshabuni mashine nyingine kubwa zaidi, ya kupokea maagizo kwa kadi zenye matundu, mtindo ule ule uliotumika kwenye mashine za Jacquard za kufuma vitambaa vya maua. Mwitaliano Luigi Menabrea akaandika makala juu yake kwa Kifaransa mwaka 1842. Ada akaitafsiri kwa Kiingereza na kuongeza maelezo yake, yakawa marefu karibu mara tatu ya makala yenyewe. Yakachapishwa mwaka 1843, na yeye akatia herufi tatu tu, A.A.L.

Mwishoni mwa maelezo hayo kuna jedwali la hatua 25 za kukokotoa namba za Bernoulli. Kila namba imepewa mahali pake pa kukaa: V1, V2, V3 na kuendelea. Wadau, hizo ndizo mnazofundishwa somo la kwanza la Python! Halafu anaagiza hatua ya 13 mpaka ya 23 zirudiwe. Fikiria kijana anayechambua machungwa Muheza: okota moja, kama limeoza tupa, kama zima tia kwenye tenga, rudia mpaka lundo liishe. Humwandikii agizo kwa kila chungwa, unamwandikia mara moja tu. Ada aliyapanga hayo yote kwenye karatasi, kwa mashine ambayo Babbage hakuwahi kuimaliza.

Kuna wanahistoria wanaosema Babbage alishaandika mipango ya aina hiyo kabla yake. Ni kweli, karatasi zake zipo. Lakini hakuichapisha, na mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwaka 1864 alikiri kwamba Ada ndiye aliyemkamata na kosa kubwa katika hesabu hizo. Pia Ada aliona mbali kuliko yeye, kwamba mashine hiyo ingeweza kushughulika hata na muziki, sio tarakimu peke yake. Kwangu mimi sifa ni yake. Na jedwali lililochapishwa lina kosa, hatua ya 4 imegeuza kugawanya juu chini. Programu ya kwanza, na kosa la kwanza humo humo!

Mwisho wake haukuwa mzuri. Alizama kwenye kamari ya farasi, akapoteza zaidi ya pauni 3,000. Kansa ya kizazi ikamwondoa tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, umri ule ule aliofia baba yake. Aliomba azikwe kando ya baba huyo asiyemjua, wakamzika Hucknall.

Jedwali lake linapatikana bure kwenye intaneti. Mimi nimelichapa karatasi moja na nalifuata mstari kwa mstari kwa kalamu. Wadau wa Pangani, Muheza, Korogwe na hapa mjini mnaojifunza, mnafanyaje muda wa kafe ukiisha? Na mmekwama wapi? Mwageni hapo chini kwenye maoni.