Friedrich Harkort, Mfua Chuma wa Wetter

Wasomaji wetu wengi wamevuka mto juu ya daraja la chuma, au wamesafiri katika gari la moshi, wala hawakuuliza ni nani waliotangulia kuzifanya kazi hizi. Katika nchi ya Ujerumani mmoja wao alikuwa Friedrich Harkort. Twapenda kuwaeleza maisha yake, kwa sababu mtu huyu aliwafungulia wengi mlango wa utajiri, naye mwenyewe akatoka mikono mitupu. Basi mwisho wa habari hizi tutauliza kama alikuwa mwenye hekima au mpumbavu.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1793 katika shamba la Harkorten, karibu na mji wa Hagen, nchi ya Westfalen. Jamaa zake tangu zamani walikuwa wafua chuma na wafanya biashara ya chuma. Nyundo zao kubwa ziliendeshwa kwa nguvu ya maji ya vijito. Vita juu ya Napoleon ilipotokea, kijana Friedrich aliingia jeshini. Hata aliporudi, aliitazama nchi yake, akaona ina makaa ya mawe na chuma, lakini watu wake ni maskini. Uingereza mitambo ya mvuke ilikuwa imekwisha kuvuta maji katika machimbo na kuzungusha viwanda vingi, lakini huku Westfalen mitambo hiyo ilikuwa michache mno.

Mwaka wa 1819 akashirikiana na Heinrich Kamp, mfanya biashara mwenye mali, wakaanzisha kiwanda cha mitambo katika ngome ya kale ya Wetter, juu ya mto Ruhr. Palipokaa mabwana wenye panga na ngao, sasa pakasikika nyundo na misumeno. Lakini mafundi watatoka wapi? Siku zile sheria ya Uingereza ilikataza mafundi wake wasiende kufanya kazi katika nchi za kigeni, na katazo hilo halikuondolewa mpaka 1824. Katazo la kuuza mitambo mingi nje lilidumu hata 1843. Hata hivyo Harkort alivuka bahari, akawapata mafundi Waingereza waliokubali kumfuata. Mshahara wao ulikuwa mkubwa, wala hawakuwa wote watu wa tabia njema. Lakini alivumilia, ili vijana wa nchi yake wajifunze kwao.

Jambo la pili alilolileta ni namna mpya ya kusafisha chuma. Chuma kitokacho katika tanuru kubwa kina makaa ndani yake, nacho huvunjika upesi kikipigwa. Waingereza walikiyeyusha tena katika tanuru ambayo moto wake hupita juu ya chuma, na makaa yenyewe yako mahali pengine. Na fundi akakikoroga kwa fimbo ndefu mpaka makaa yaliyomo yakaungua. Ndipo chuma kikawa laini, kikaweza kufuliwa na kunyoshwa kuwa reli na mabamba. Ni kazi ya jasho jingi. Harkort alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuileta Westfalen, katika miaka ya 1820.

Sasa tuangalie neno ambalo wenzake walishindwa kulifahamu. Mwenye kiwanda kwa desturi huificha siri yake, lakini Harkort aliwaacha wageni waingie, watazame na kuuliza. Wengine walitazama, wakarudi kwao, wakajenga viwanda vyao, tena wakawavuta mafundi wake kwa mshahara mkubwa zaidi. Yeye hakufunga mlango, maana alitaka nchi nzima ijue kazi hiyo.

Mwaka wa 1825 aliandika katika gazeti kwamba yafaa kujenga njia ya reli itakayounganisha nchi ya Ruhr na mto Weser, makaa na chuma vipate kuuzwa mbali. Mwaka uliofuata akajenga mfano wake katika mji wa Elberfeld: reli moja tu juu ya nguzo, na magari yakining'inia pande zote mbili, kama shogi juu ya punda. Watu walikuja kutazama, lakini serikali haikutoa fedha. Njia kubwa ya kutoka Cologne mpaka Minden ilimalizika 1847, miaka 22 baada ya maneno yake, nayo ilijengwa na wengine.

Wakati huo hesabu zake zilikuwa zimekwisha kuharibika. Kila faida aliitia katika jaribio jipya, na deni likazidi. Katika miaka ya 1830 ilimpasa kuuacha ushirika wa Wetter, naye alikuwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Je, aliketi akalia? Hapana. Alijaribu kuunda meli za moshi. Na mwaka wa 1836 meli yake ilitoka mto Rhine, ikapita bahari ya Kaskazini, ikaingia mto Weser hata Minden. Hata hivyo fedha hazikurudi.

Lakini alikuwa ameona jambo jingine viwandani lililomchoma moyo, yaani watoto wadogo waliofanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku. Mwaka wa 1839 serikali ya Prussia ilikataza watoto wasiotimiza miaka 9 wasifanye kazi viwandani. Lakini Harkort aliona haitoshi. Mwaka wa 1844 alitoa kitabu, akataka kazi ya watoto viwandani ikomeshwe, saa za kazi za watu wazima zipunguzwe, pawe na vyama vya kusaidia wagonjwa, na watoto wa maskini wapate shule njema. Tangu 1848 alikaa miaka mingi katika mabaraza ya nchi, akiwatetea waalimu na shule. Mwaka wa 1853 sheria ilipandisha umri ule mpaka miaka 12.

Alikufa tarehe 6 Machi 1880 huko Hombruch, karibu na Dortmund, mwenye umri wa miaka 87. Wakati ule mpwa wake, Johann Caspar Harkort, mwana wa kaka yake, alikuwa na kiwanda kikubwa cha madaraja mjini Duisburg. Kiwanda hicho kilijenga daraja la Culemborg katika Uholanzi, lililomalizika 1868, ambalo nafasi yake moja ilivuka kama mita 150. Na kwa maonyesho ya Vienna ya 1873 kilisimamisha nyumba ya mviringo yenye upana wa mita 108, iliyodumu mpaka ilipoteketea kwa moto 1937. Na mji wa Wetter ulizidi kujulikana kwa mitambo ya kuinulia mizigo.

Basi, alikuwa mpumbavu? Tukizihesabu fedha zake, tutasema ndiyo. Lakini tukiwahesabu mafundi waliojifunza kwake, na watoto aliowatetea watoke viwandani waketi shuleni, hatuwezi kusema hivyo. Wahenga wetu walijua ya kuwa kutoa ni moyo, wala si utajiri. Mwaka wa 1884 watu walimjengea mnara juu ya kilima karibu na Wetter, nao ungali umesimama, ukiitazama ile ngome ya kale iliyokuwa kiwanda chake.