Maisha ya Sidi Mubarak Bombay, Msafiri wa Miguu

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baad. Ndugu msomaji, watu wengi wa pwani hupanda leo kwenda Ubaruku, katika nchi ya Usangu, kutafuta mchele, na safari yao huimaliza wameketi garini. Wazee wetu waliiita nchi hiyo Urori, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliipita kwa miguu na misafara yake. Njia nyingine kuu ilikuwa kaskazini yake, kutoka Bagamoyo, kukata Ugogo, hatta Tabora na Ujiji. Katika njia hiyo ya kaskazini ndimo alimopata sifa mtu tunayetaka kukupa khabari zake.

KUZALIWA NA KUUZWA KWAKE

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, na mamaye akafa yeye angali mdogo. Alipokuwa na miaka kama 12, wafanya biashara wa pwani walikuja na bunduki kudai deni la bidhaa zao, wakauzunguka mji. Wenye kukimbia wakakimbia, na waliokamatwa wakafungwa, naye alikuwa miongoni mwao. Akaendeshwa kwa miguu hatta Kilwa. Hiyo ndiyo safari yake ndefu ya kwanza, na aliikwenda hali amefungwa.

Akauzwa, akapelekwa Unguja, kisha Bara Hindi. Jina alilopewa kwao likapotea. Sidi ni jina ambalo Wahindi huwaita watu weusi, na Bombay ni mji wa huko. Lililobaki la Kiislamu ni Mubarak. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja, akaandikwa katika askari wa Seyyid. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walimkuta katika ngome ya Chogwe, upande wa Pangani, pamoja na askari wa Kibulushi, wakamchukua. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini alijua Kihindi; basi kila neno baina yake na watu wa bara lilipita katika kinywa cha Mubarak.

HESABU YA SAFARI

Msafara huo uliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, ukafika Tabora tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Fikiri, ndugu yangu, hesabu ya siku hizo. Posho ya mtu ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Watu 100 kwa siku 134 ni vibaba 13,400, wala haiwezekani kuvichukua vyote tangu pwani. Kwa hiyo walichukua mali ya kununulia: merikani na kaniki kwa doti, yaani mikono minane, ushanga, ambao kila nchi ina rangi yake na haitaki nyingine, na masango ya nyaya za shaba. Mpagazi mmoja alijitwika frasila mbili, ndizo ratili 70, naye pia alitaka kula. Tena kulikuwa na hongo: katika Ugogo kila mtemi alitaka nguo zake kabla ya kutoa ruhusa ya kupita.

Ndiyo sababu mtu wa peke yake hakuweza kuikata nchi ile kwa mali yake mwenyewe. Aliyekwenda peke yake, au na mwenzake tu, alikuwa mjumbe asiye na mzigo, akila kwa hisani ya wenyeji. Mubarak alifanya hivyo mwaka 1862, alipotumwa kutoka Unyoro atangulie kaskazini kuwatafuta watu wa Petherick, waliokuwa wakingojewa kwa mashua za Mto Nili. Alikwenda, akarudi na khabari.

SIKU MOJA YA NJIANI

Jogoo liwikapo watu huamka. Kirangozi hutwaa bendera nyekundu na kutangulia, baragumu hulia, na wapagazi hufuata mmoja nyuma ya mmoja, kwani njia ni nyembamba. Huenda hatta jua liwe kali, kisha hutua penye maji. Wengine hukata miiba kufanya boma, wengine hujenga vibanda vya majani, wengine huenda kuni, na kila kundi lina chungu chake. Mizigo hukusanywa pamoja na kuhesabiwa.

Penye nyika isiyo na maji, kama Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo, na Mgunda Mkali baada ya kutoka, desturi ilikuwa telekeza: kuondoka baada ya adhuhuri, kwenda hatta usiku, kulala bila ya maji, na kuyafikia maji siku ya pili.

Hapa Mwislamu huona jinsi sharia ilivyomhurumia msafiri. Hupunguza sala za rakaa nne, hukusanya adhuhuri na alasiri kabla ya kuondoka, na maji yakiwa ya kunywa tu hutayamamu. Na wangwana wa misafara, mnyama akipigwa risasi mwituni, walimkimbilia wamchinje kabla hajafa. Wasipowahi, hawakula nyama yake.

SAFARI ZAKE NYINGINE

Mwaka 1858 alifika Ujiji pamoja na Burton na Speke, na mwezi wa Agosti akasimama na Speke penye ukingo wa Nyanza. Kuanzia 1860 hatta 1863 alikwenda na Speke na Grant, akapita Buganda, akateremka Nili mpaka Misri. Mwaka 1871 alikuwa mkubwa wa askari wa Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone. Na toka 1873 hatta 1875 alikwenda na Cameron tangu Bagamoyo mpaka bahari ya magharibi, katika nchi ya Angola.

Katika safari hizo alipigwa. Speke ameandika mwenyewe kwamba alimpiga ngumi, na Stanley naye alimpiga. Hatta hivyo kila mmoja alipotaka kuingia bara alimtafuta yeye, kwani waliotoroka walikuwa wengi, naye ni katika wachache waliofika mwisho. Hatumwiti walii, maana waliosafiri naye wametaja makosa yake. Twamwita mtu wa kutimiza kazi.

Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Akafariki mwaka 1885.

MAZINGATIO

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametujulisha watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama: mwenye kutoa ahadi kwa jina Lake kisha akakhini, mwenye kumwuza mtu huru akala thamani yake, na mwenye kumwajiri mtu akapata kazi yake yote kisha asimpe ujira wake.

Tazama maisha ya Mubarak, yote matatu yamo. Aliuzwa hali ni mtoto huru, na waliomkamata ni watu wa pwani yetu, hilo tusilifiche. Ujira ulizuiwa: msafara uliporudi mwaka 1859 baadhi ya watu wa Burton hawakulipwa walichodai, hatta khabari ikapelekwa kwa serikali ya Bombay. Na ahadi zilivunjwa njiani kila siku. Lakini yeye, aliyeanza njia kwa dhulma ya wengine, hakuwaacha aliowaahidi.

Basi wewe uajiriye mchukuzi wa magunia Ubaruku, au dereva, au utingo, mpe haki yake kabla hujatazama faida yako. Mzigo umefika kwa nguvu zake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mubarak, na wote waliokufa njiani bila ya kuandikwa majina yao. Amin.

Wabillahi taufiki.