Otto Graham: aliingia chuoni kwa basketi, mpira ukamchukua

Huku Masisi na Walikale, mpira ni wa miguu. Ule wa Marekani hubebwa na kurushwa kwa mikono, na mrushaji wake mkubwa alikuwa Otto Graham, mzaliwa wa Illinois mwaka 1921. Chuo Kikuu cha Northwestern kilimlipia masomo ili acheze basketi. Kocha wa mpira akamuona akirusha katika mechi ya wanafunzi, akamtaka. Basketi hakuiacha upesi: 1946 alikuwa bingwa na Rochester Royals. Mwaka huo huo akaanza kuchezea Cleveland Browns, timu mpya. Misimu 10, fainali 10, mataji 7! Mwaka 1953 alipasuliwa mdomo, akashonwa nyuzi 15, akarudi uwanjani siku ile ile amevaa kinga ya plastiki. Alifariki Florida mwaka 2003.