Franz Liszt: Mpiga Piano Aliyeacha Malipo

Husemwa mara nyingi kwamba mwanamuziki akianza kutafuta fedha, muziki wake umeharibika. Maisha ya Franz Liszt yanatusaidia kulitazama jambo hili kwa makini zaidi.

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1811 katika kijiji cha Raiding, wakati huo Hungaria, leo Austria. Baba yake, Adam, alikuwa mtumishi katika mashamba ya ukoo wa Esterházy. Alipoona kipaji cha mwanae, alimpeleka Vienna akafundishwe na Carl Czerny, kisha Paris mwaka 1823. Mwaka 1827 baba alifariki dunia. Franz, akiwa na miaka 15, ikambidi afundishe piano ili amtunze mama yake. Katika ujana huo alitamani kuingia seminari, lakini mama alimsihi abaki na muziki.

Kati ya 1839 na 1847 alizunguka Ulaya, kuanzia Ureno hadi Urusi. Mjini Berlin, katika majira ya baridi ya 1841 na 1842, watu waligombea hata glovu zake. Ili kuwafurahisha, alipiga sana nyimbo za opera walizokwisha kuzipenda, akizipamba kwa mbwembwe za vidole. Hatari ilikuwa hapo: umati ulianza kumchagulia cha kupiga.

Fedha zenyewe hazikumpotosha. Mto Danube ulipofurika na kuuharibu mji wa Pest mwaka 1838, alifanya matamasha Vienna kwa ajili ya waathirika. Sanamu ya Beethoven iliyozinduliwa Bonn mwaka 1845 ilikamilika kwa mchango wake mkubwa.

Septemba 1847, akiwa na miaka 35 na sifa zake zikiwa kileleni, alipiga tamasha lake la mwisho la malipo mjini Elisavetgrad, katika Ukraini ya leo. Alihamia Weimar, akatunga na kuongoza okestra, akipiga pia kazi za watunzi wengine, kama Richard Wagner. Tangu hapo, wanafunzi waliomjia kutoka nchi nyingi aliwafundisha bure.

Hakuwa mtakatifu. Alipata watoto watatu nje ya ndoa na Marie d'Agoult, na baadaye aliishi miaka mingi na Carolyne zu Sayn-Wittgenstein, mke wa mtu. Mpango wao wa kufunga ndoa Roma mwaka 1861 ulivunjika. Pia alifiwa na watoto wawili, mmoja mwaka 1859 na mwingine mwaka 1862. Mwaka 1865 alipokea tonsura na madaraja madogo manne, ingawa hakuwahi kuwa padre.

Mwaka 1879 alikamilisha muziki wa Njia ya Msalaba, mtulivu, usio na mbwembwe hata kidogo. Mchapishaji aliukataa, nao haukupigwa hadharani hadi 1929. Liszt alifariki Bayreuth tarehe 31 Julai 1886, bila kuusikia ukiimbwa kanisani.

Kula kwa jasho la kazi ni haki, na Liszt alipokea ujira wake bila aibu. Lakini alipoona kwamba makofi yanaiongoza kazi yake, aliweza kuyaacha. Kwaya zetu nazo hurekodi na kuuza nyimbo, na hilo si kosa. Tujiulize tu: wimbo unaowasaidia waamini kusali usiponunuliwa, Jumapili ijayo tutauimba tena?