Mama Kevina: Alikosa ada, akafungua chuo cha wasichana

Familia nyingi za wakulima na wachuuzi wa Igogo, jijini Mwanza, hufika mahali wakajiuliza swali moja. Binti aliyemaliza shule apelekwe kusomea kazi gani itakayompatia kipato chake mwenyewe? Wapo wanaochagua ushonaji, wapo wanaochagua upishi, na wapo wanaotazama kilima cha Bugando, si mbali na hapo, ambako wasichana husomea uuguzi.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, nchini Uganda, swali hilo lilipata jibu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliyelijibu ni mtawa wa Kikatoliki, Teresa Kearney, ambaye Waganda walimwita Mama Kevina. Mwenyewe alijua vizuri maana ya kukosa ada.

Teresa alizaliwa Aprili 28, 1875 katika familia ya wakulima karibu na mji wa Arklow, nchini Ireland. Baba yake alifariki dunia miezi mitatu kabla hajazaliwa, na alipofikisha miaka 10 akampoteza na mama. Akalelewa na bibi yake mzaa mama. Alipotaka kusomea ualimu hakuwa na fedha za kulipia mafunzo, hivyo akaanza kazi akiwa mwalimu msaidizi asiye na cheti.

Mwaka 1895 alijiunga na watawa Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Kevin. Alitarajia kutumwa kuwahudumia watu weusi wa Marekani. Badala yake alipangiwa Uganda.

Yeye na wenzake watano walifika Nsambya, Kampala, Januari 15, 1903. Wakati huo reli kutoka Mombasa iliishia Kisumu, na safari iliyobaki ilikuwa ya kuvuka ziwa. Walikuta ugonjwa wa malale ukiteketeza watu wa mwambao. Katika miaka hiyo uliua zaidi ya watu 200,000. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Nsambya ilipokea wapagazi wa jeshi la Waingereza waliojeruhiwa na kuugua. Hao ni wa kikosi kile kilichoacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpa Mama Kevina nishani kwa kazi hiyo.

Cheti mkononi

Kilichomsumbua zaidi ni vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Hapo alikutana na kikwazo kikubwa: sheria ya Kanisa wakati huo iliwakataza watawa kufanya kazi ya ukunga. Angeweza kusema hilo si jukumu lake. Hakufanya hivyo. Alishirikiana na daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 wakafungua Nsambya chuo cha uuguzi na ukunga kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika. Kile ambacho watawa walikatazwa kukifanya, wasichana hao wangekifanya wakiwa na ujuzi kamili.

Hakuwa peke yake. Huko Mengo, kwa upande wa Waanglikana, Dk. Albert Cook na mkewe Katharine nao walikuwa wakifundisha wakunga. Kampala ikawa na milango miwili ya kazi hiyo.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hilo, angalia hali ya mwanamke wa kijijini wakati huo. Alilima, alivuna na kubeba mzigo hadi nyumbani, lakini kazi za mshahara kwa wanawake zilikuwa chache mno. Ualimu na ukunga vilikuwa miongoni mwa hizo chache. Mkunga aliyehitimu aliweza kuajiriwa kwa jina lake, na popote alipohamia ujuzi wake ulihama naye.

Mwaka 1923 Mama Kevina aliwakusanya wasichana wanane wa Uganda na kuanzisha shirika la watawa Waafrika, Little Sisters of St Francis, ambalo makao yake yako Nkokonjeru. Watawa hao hawakuwa na mshahara wa mfukoni, kwa kuwa waliweka nadhiri ya ufukara. Lakini wao ndio waliotoka kwenda kufundisha na kuuguza vijijini, na shirika lao lilienea hadi Kenya na Tanzania. Aidha, katika miaka ya 1930 Mama Kevina alianzisha vituo vya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga na Buluba.

Mwaka 1936, miaka 15 baada ya chuo cha Nsambya kufunguliwa, Roma iliondoa zuio na kuwaruhusu watawa kusomea na kufanya ukunga. Wakati huo Nsambya ilikuwa tayari na uzoefu wa miaka mingi.

Aliendelea kutafuta fedha

Mama Kevina alistaafu uongozi mwaka 1955 akiwa na miaka 80. Hata hivyo, hakupumzika. Alipelekwa Boston, Marekani, kuchangisha fedha za kazi za Afrika, na huko ndiko alikofariki dunia Oktoba 17, 1957. Alizikwa kwanza Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Waliomba mwili urudishwe, na Desemba mwaka huo akazikwa Nkokonjeru. Nchini Uganda jina Kevina limebaki likitumika kumaanisha hospitali au nyumba ya huruma.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hesabu ya maisha yake haina ugumu. Bei ya pamba hushuka, dagaa huadimika, na mtaji wa genga huweza kuliwa na msiba mmoja. Ujuzi wenye cheti hauozi ghalani wala hauuzwi kulipa deni. Ada ni gharama nzito kwa familia yenye kipato kidogo, lakini Teresa Kearney, aliyeikosa akiwa binti, alitumia zaidi ya miaka 50 kuhakikisha wasichana wengine hawarudishwi mlangoni.