Earle MacPherson: mhandisi aliyeunganisha springi na shokapu

Chungulia nyuma ya tairi la mbele la Corolla, IST au Probox inayopita kati ya Iringa na Mbeya. Utaona nguzo moja imesimama, springi imeizunguka na shokapu iko katikati yake. Mafundi wetu huiita shokapu ya mbele, wakimaanisha kitu kizima. Duniani kote wahandisi wanaiita kwa jina la mtu, MacPherson.

Leo tunakueleza mtu huyo alikuwa nani, na kwa nini kazi yake inamhusu yeyote anayetaka kubadilisha shokapu mwenyewe nyumbani, iwe Mafinga, Makambako au Tukuyu.

Kijana wa Illinois

Earle Steele MacPherson alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Highland Park, jimbo la Illinois, Marekani. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois na kumaliza mwaka 1915. Wakati huo mji wa Detroit ulikuwa umejaa viwanda vya magari, naye akaenda huko kuanza kazi katika kampuni ya Chalmers.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ulaya akiwa na jeshi la Marekani, kwenye kazi za injini za ndege. Aliporudi alipita katika kampuni za magari za Liberty na Hupp, ambazo leo hazipo tena. Mwaka 1934 akaingia General Motors, na huko akafanya kazi upande wa Chevrolet.

Gari ambalo halikuuzwa

Mwaka 1945 vita vya pili vilikuwa vinakwisha. General Motors waliona kwamba askari wanaorudi nyumbani watahitaji gari dogo la bei nafuu. MacPherson akapewa kuongoza kazi hiyo. Gari liliitwa Cadet. Lilitakiwa lisizidi sana kilo 1,000 kwa uzito, na bei yake iwe karibu dola 1,000.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na vyuma vingi mbele: mkono wa juu, mkono wa chini, springi mahali pake na shokapu mahali pake. Vyuma vingi maana yake ni uzito na gharama.

MacPherson akazikusanya kazi tatu kwenye nguzo moja. Springi inabeba uzito wa gari. Shokapu iliyo ndani ya springi inatuliza kurukaruka. Nguzo yenyewe inashikilia tairi lisimame sawa, na inazunguka nalo dereva akikata usukani. Chini unabaki mkono mmoja wenye boljointi, na juu nguzo inafungwa kwenye bodi. Wahandisi wengine, akiwemo Guido Fornaca wa Fiat ya Italia, walikuwa wameshafikiria jambo linalofanana na hilo miaka ya 1920. MacPherson ndiye aliyelifikisha mahali pa kutengenezwa kwa wingi.

Cadet lenyewe halikufika sokoni. Gharama zilipanda, na Wamarekani walikuwa wananunua magari makubwa bila shida. Mwaka 1947 General Motors wakaufuta mpango. Mwaka huohuo MacPherson akaondoka na kwenda kwa washindani wao, Ford.

Nguzo yake yafika Afrika Mashariki

Ford walikuwa na viwanda Ulaya, ambako watu walihitaji magari madogo. Mwishoni mwa 1950 Ford ya Uingereza ilionyesha magari mawili mapya, Consul na Zephyr, yakiwa na nguzo za MacPherson mbele.

Mwaka 1953 mashindano ya magari ya Safari yalianza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zilikuwa za vumbi, mawe na matope. Mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mashindano hayo wakiwa na Ford Zephyr. Muundo uliobuniwa kwa ajili ya barabara za Marekani ukawa umepita kwenye mashimo ya kwetu na kushinda.

MacPherson alipanda cheo na kuwa makamu wa rais wa Ford anayesimamia uhandisi. Alistaafu mwaka 1958 na kufariki mwaka 1960. Hakuishi kuona magari madogo ya Japani yakiuchukua muundo wake na kuuleta hadi kwenye vijiji vyetu.

Faida yake ndiyo hatari yake

Kwa kuwa nguzo moja inafanya kazi tatu, ikichoka unapoteza vitu vitatu kwa pamoja. Gari linainama mbele ukifunga breki, linayumba kwenye kona, na tairi linakula upande mmoja. Ukiona mafuta yamevuja kwenye shokapu, au gari linaendelea kudunda baada ya tuta, muda wake umefika. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, maana shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hufanya gari livute vibaya.

Jambo la kuogopa ni springi. Gari likiwa barabarani, springi ya mbele inabeba kilo mia kadhaa. Ukishaitoa nguzo nzima kwenye gari, springi bado imebanwa. Kinachoizuia isiruke ni nati moja ya katikati, kule juu. Ukiifungua nati hiyo kabla ya kuibana springi, kikombe cha juu na springi vinaruka kwa nguvu ya kuvunja taya, kutoa jicho au kuua.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu.

Simamisha gari mahali pa tambarare na pagumu, si kwenye mteremko wala tope. Weka kabari nyuma ya tairi za nyuma na vuta breki ya mkono. Legeza nati za tairi kwanza, kisha piga jeki. Gari likinyanyuka, liweke juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu, na mawe au tofali hupasuka bila taarifa.

Fungua mpira wa breki na waya wowote ulioshikizwa kwenye nguzo. Weka alama kwenye bolti mbili za chini kabla ya kuzitoa, ili urudishe tairi karibu na lilivyokuwa. Juu, fungua nati ndogo zinazoshika nguzo kwenye bodi. Ile kubwa ya katikati usiiguse. Lifungie kitovu cha tairi kwa waya lisining'inie kwenye mpira wa breki.

Springi inabanwa kwa vifaa viwili vya kubania, kimoja kila upande, vikitazamana. Kaza kwa mkono, mizunguko michache huku, michache kule, hadi springi ilegee kwenye vikombe vyake. Hapo tu ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Wakati wote uso na kifua chako visielekee kwenye ncha za springi. Kamba, waya na minyororo si vifaa vya kubania springi. Kama huna kifaa sahihi, toa nguzo nzima uipeleke gereji yenye kifaa hicho, kisha uje uifunge mwenyewe. Hapo unalipia kazi ya dakika chache tu.

Ukirudisha, hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye nafasi yake na nati ya katikati imekazwa kabisa kabla ya kulegeza vifaa. Usilehemu shokapu, usikate springi na usiichome moto. Ukimaliza, nenda ukapime wili alaimenti mjini. Baada ya safari fupi, kagua tena nati zote, za tairi na za nguzo.

MacPherson alitaka gari ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua. Kwa watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini, gari hilo sasa lipo uani. Kulitunza kunawezekana hata bila gereji kubwa, mradi springi ibanwe kwanza, nati ifunguliwe baadaye.